Bibi Harusi Asiyeinua Uso

9 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu baadaye, kwanza habari: umependwa!

Mama Duka karudi jana kutoka huko kwenu na mpaka sasa hajanyamaza. Nilikuwa napima satini ya mteja, yeye kasimama upande wa pili wa meza ananimwagia sifa zako mpaka nikapoteza hesabu ya mita. "Yule mtoto ana haya! Nimekaa kibandani kwake muda wote ule, hakuninyanyulia macho hata mara moja. Kaniletea kiti kichwa chini, kanipa maji kichwa chini, kanisindikiza mpaka barabarani kichwa chini. Wasichana wa siku hizi wanakukodolea macho mpaka wewe mzazi ndiye unayeona aibu."

Nilisema moyoni, huyu mama kakosea kibanda. Sindano ninayemjua mimi ndiye aliyemwambia mwalimu mkuu, mbele ya shule nzima, kwamba suruali yake imeshonwa mguu mmoja ukiangalia nyuma. Haya umeipata lini? Lakini mtu akikupa pilau hulalamiki kwamba uliomba ugali. Nikaitikia, "Ndiyo Mama, ndivyo tulivyomlea."

Anakutaka kwa mwanawe mdogo, yule fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha maziwa, tunayemwita Barafu. Aliwahi kupita kwako na koti lililoharibika zipu. Hana maneno mengi, lakini akishika kitu kibovu hakiachi mpaka kipone. Mama anataka mambo yaishe mwezi wa sita.

Niandikie, usipige. Simu ya dukani ina masikio mengi, na anayeipokea ni Mama mwenyewe. Haya sasa, hujambo? Umekula?

Dada yako, muuza vitambaa na kuanzia leo mshenga


17 Machi

Dada,

Sijambo. Nimekula. Salamu zako zimefika zikiwa zimechoka, maana zilikuja nyuma ya kila kitu.

Sasa nikueleze kuhusu hiyo haya yangu. Dada, mimi nikiinua kichwa sioni. Si kwamba naona vibaya, sioni kabisa. Inaanzia pembeni, rangi zinafifia kama balbu umeme unapopungua, halafu giza. Nikikiinamisha, dunia inarudi. Kwa hiyo nakiinamisha. Mama Duka nilimletea kiti kichwa chini kwa sababu ningeinua kichwa ningekipeleka kiti ukutani.

Ilianza mwaka jana kidogokidogo. Nilikwenda kwa fundi miwani. Alinikalisha kwenye kiti, akaweka ubao wake wa herufi chini ya usawa wa pua, nikazisoma zote mpaka zile za mwisho zinazofanana na mchanga. Akaniambia macho yangu ningeweza kuwaazima wengine. Nikasimama kumshukuru, giza likaingia, nikampa mkono nikamshika pua. Alidhani nina mzaha.

Hapo ndipo penye taabu, hakuna anayeniamini. Kutwa nimeinamia cherehani, na nikiwa nimeinama natunga uzi mara moja tu. Watu wananiuliza, mtu anayetunga uzi bila miwani ana ugonjwa gani wa macho? Wiki iliyopita alikuja mteja mrefu kama nguzo, nikanyanyua futi kumpima mabega, nikamwangukia kifuani. Mkewe alikuwa amekaa pale pale. Ile suti imekwenda kushonwa kwingine.

Na mkono wa kushoto nao, nikianika nguo kwenye waya wa juu unachoka mpaka unakufa, sharti niushushe kwanza.

Mwambie Mama Duka, au nimwambie mimi. Sitaki kuolewa kwa sifa isiyo yangu.

Barafu ninamkumbuka. Alikaa akasubiri zipu bila kunisukuma. Nikamtania kwamba mtu anayeshinda kwenye majokofu anahitaji koti zima kuliko zipu, akacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nilimpenda kidogo. Hilo usimwambie mtu.

Sindano


26 Machi

Sindano wee,

Barua yako nimeisoma stoo, nimekaa juu ya majora ya mapazia. Nimecheka hiyo ya pua, halafu nikaacha kucheka.

Mdogo wangu, umechoka. Unashona kutwa, unakula ukikumbuka, umekonda. Mtu akiinuka ghafla lazima aone giza, hata mimi naona. Pumzika, kula, kunywa maji, na ukisimama simama taratibu. Ukiwa na mume utapata wa kukuanikia hizo nguo.

Kwa Mama Duka usithubutu kufungua mdomo. Namjua. Akisikia "macho" atasikia "upofu," akisikia "upofu" atasikia "ukoo," na mimi na wewe tutakuwa tumeingia kwenye orodha ya watu wasiooleka. Yeye kaona una haya, mwache aone hivyo. Hukumdanganya, kajidanganya mwenyewe.

Nikwambie kitu. Nimesimama nyuma ya ile meza tangu ulipokuwa darasa la saba. Nimesimama nikiwa na homa, nimesimama siku ya arobaini ya marehemu mama. Juzi, baada ya kukusifia, Mama Duka alinisogezea kiti chake akasema, "Kaa, mkwe mwenzangu." Nikakaa, Sindano. Sikujua miguu yangu ilikuwa inauma kiasi gani mpaka nilipokaa.

Siku imepangwa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Gauni utashona mwenyewe, satini natuma mimi, nimekuchagulia ile nzito isiyokunjamana.

Dada


14 Aprili

Dada yangu,

Satini imefika na ni nzuri. Kaa chini kabla hujaendelea, hata kama ni kwenye majora.

Nilianguka barabarani nikitazama kibao cha duka. Waliniokota wakanipeleka hospitali. Muuguzi akanishika kifundo cha mkono wa kushoto, akatulia, akasogeza vidole, akatulia tena. Akaniuliza, "Mwenzangu, uko hai kweli?" Nikamwambia nikifa nitamjulisha. Hakucheka. Aliita mwenzake, naye akashika. Mkono wangu wa kushoto hauna mapigo, Dada. Wa kulia yapo, lakini kwa mbali.

Wamenipima kila kitu. Kumbe mishipa mikubwa inayotoka moyoni imevimba kuta zake, njia ya damu imekuwa nyembamba. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, daktari alisema madaktari wengi wanastaafu bila kuuona, na unapenda vijana, hasa wasichana. Nikamwambia basi una macho mazuri kuliko mimi. Damu inayopanda kichwani inapita kwa taabu, nikiinama inafika, nikiinua kichwa haifiki. Daktari wa macho akanimulika ndani kwa taa yake muda mrefu, mpaka machozi yakanitoka. Akasema vimishipa vya ndani vimeanza kuota ovyo kutafuta damu, na vile vinavyoota hivyo ni vyepesi, vinapasuka. "Macho yako yana njaa," alisema hivyo hivyo.

Amenipa vidonge vya kutuliza uvimbe. Baadaye kuna hospitali kubwa wanakopanua mshipa wenyewe, lakini vidonge nianze sasa, leo leo. Alinieleza pia kwamba vitanivimbisha uso, utakuwa mviringo kama sahani, na chunusi zitatoka, halafu baada ya muda utarudi. Muuguzi akaongeza, "Mficha maradhi kifo humuumbua, usiende ukavificha kabatini."

Viko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Sijaanza. Nilitaka nikuandikie kwanza, maana tangu mama afariki wewe ndiye mama yangu, na jambo kama hili mtu humwambia mama yake kabla ya kulimeza.

Sindano


21 Aprili

Mdogo wangu,

Nimelia, nimeosha uso, nimerudi dukani nimeuza mapazia. Sasa nisikilize, na barua hii ukiisha kuisoma ichane.

Vidonge utakunywa. Sijasema usinywe. Nimesema visubiri wiki saba. Umeishi na hali hii tangu mwaka jana na macho bado unayo, wiki saba hazitayatoa. Lakini ukinywa leo, mwezi wa sita utaingia ukumbini na uso kama sahani, na unajua watakachosema. Hawatasema mgonjwa. Watasema ana mimba, na watahesabu miezi kwa vidole mbele yako. Kadi zimechapwa. Mama Duka kawaalika mpaka watu anaogombana nao, ili waje wamwone mkwe mwenye haya.

Daktari anasema leo leo kwa sababu ni kazi yake kusema hivyo. Daktari yule hatakuoa, Sindano. Siku ya pili baada ya harusi anza, kunywa hata mara tatu kwa siku, mimi nitakuletea maji ya kunywea kwa mkono wangu. Utakuwa kwa mumeo, huko kwenye kiwanda cha maziwa wana hospitali kubwa kuliko hiyo ya kwenu. Utatibiwa ukiwa na mume. Hapa unataka kutibiwa ukiwa na nani?

Chonde chonde. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada


2 Mei

Dada,

Nimeichana.

Ni kweli hujawahi kuniomba kitu. Ndiyo maana nimekaa na barua yako siku zote hizi nikitafuta pa kukukatalia, sikupapata.

Sawa, nitasubiri. Usidhani umenishinda hoja. Nimekubali kwa sababu namtaka. Alikuja tena, hakuwa na nguo ya kushonwa, akasema kapita tu. Kiwanda chake kiko mbali na hapa siku nzima kwa basi, huyo hapiti tu. Akakaa akaona pedali ya cherehani inapiga kelele, akapiga magoti akaitia mafuta. Nikaona utosi wake. Nilikaa nikiutazama ule utosi, na kwa kuwa ulikuwa chini sikuhitaji kuinua kichwa, nikautazama nilivyotaka. Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo wangu huu unaousema wewe, ulinyamaza.

Kwa hiyo nina sharti moja. Mama Duka asijue, sawa, lakini Barafu ajue. Ajue kabla. Mwisho wa mwezi anakwenda huko kwa mama yake, mkalishe umwambie yote, mishipa, macho, uso utakaovimba. Akisema hataki, nitakunywa vidonge vyangu siku hiyo hiyo na gauni nitaliuza. Akisema anataka, nitasubiri mpaka baada ya sherehe. Nitakungoja wewe kwanza, kabla ya kutia pindo la mwisho.

Gauni lenyewe linaniudhi. Kuna vinyuzi vyeusi juu ya satini, navipangusa haviondoki, navichomoa kwa kucha havishikiki. Jana niligundua kwamba nikitazama ukuta navyo vinahamia ukutani. Viko ndani ya jicho la kushoto, vinaelea.

Mwambie, Dada.

Sindano


1 Juni

Mdogo wangu, bibi harusi,

Nimemwambia.

Alikuwa anatengeneza friji ya dukani, ile tunayowekea maji ya wateja. Mama alikuwa ametoka. Nikamwambia shemeji, kuna jambo, nikamweleza yote mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza. Akaweka bisibisi chini, akafuta mikono, akasema, "Mimi naoa mtu, sioi macho." Hivyo hivyo. Halafu akaniomba nisilirudie hili mbele ya mtu, na wewe pia usilianzishe mpaka mkiwa kwenu wawili, maana mama yake ana masikio hata kwenye ukuta.

Kwa hiyo tia pindo lako la mwisho. Barua hii nayo ichane.

Siku yenyewe nitakuwa ubavuni kwako, nitakushika kiwiko. Wewe inama tu, kila mtu atasema mashallah. Tutaonana Ijumaa.

Dada


30 Juni

Shemeji,

Salamu kwako. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe.

Mdogo wako amelazwa. Wiki baada ya kufika hapa kwetu alimimina chai nje ya kikombe, upande wa kushoto, akaendelea kumimina. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake upande huo, hakupepesa. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu ukumbini, mpiga picha aliposema bibi harusi inua uso, akauinua, giza likaja kama kawaida, alipoinama likaondoka jicho moja. La pili, la kushoto, likabaki gizani. Alikaa hivyo sherehe nzima, akakata keki, akashukuru watu. Anasema wewe ulimfinya kiwiko ukamwambia ajikaze.

Daktari alikuwa na maswali. Kila swali mke wangu alijibu, halafu akasema, "Mume wangu anajua yote, aliambiwa kabla." Daktari akanigeukia mimi. Nilitazama sakafu.

Anasema wewe ndiye uliyeniambia, siku ile ya friji. Shemeji, siku ile uliniletea soda. Ukaniambia mdogo wako anapenda watu wapole. Ni hayo tu. Nimefikiri sana kama kuna lingine nimelisahau. Nasahau vitu, lakini si kitu kama hicho.

Naomba unijibu. Uliniambia lini?

Daktari anasema kama dawa zingeanza mwezi wa nne, tungekuwa tunazungumza mengine.

Mimi, shemeji yako


8 Julai

Mdogo wangu kipenzi,

Nimepata barua ya mumeo na nimeona nikuandikie wewe, maana mambo ya damu moja hayajibiwi kwa shemeji.

Pole sana. Mungu ni mkubwa, lipo jicho la pili.

Kuhusu hilo analouliza, mweleze taratibu, wewe unamjua zaidi. Mimi nilikusudia kumwambia. Kweli kabisa nilikusudia. Nilikwenda na soda mkononi nikiwa na maneno yote mdomoni, lakini alikuwa ameshika nyaya za umeme, na si wakati wa kumshtua mtu. Halafu Mama akarudi. Nikajipa moyo, nikasema huyu kijana ni mpole, angesema nini zaidi ya kwamba anakutaka? Kile nilichokuandikia ndicho ambacho angesema. Nilimtangulia tu.

Na tusisahau, wewe mwenyewe ulikubali tunyamaze mpaka harusi ipite. Sikukufunga kamba. Nia yangu ilikuwa njema, na uliolewa, hakuna anayeweza kukunyang'anya hilo.

Picha zimetoka! Ile moja uliyoinua uso ndiyo nzuri kupita zote. Unatazama kamera sawasawa, macho makubwa, huogopi mtu. Mama Duka kaifanya kubwa kaitundika dukani juu ya majora. Kila mteja anauliza huyo ni nani, nami nasema ni mdogo wangu.

Nijibu upesi.

Dada


19 Oktoba

Sindano,

Hii ni barua ya nne bila jibu. Naambiwa na watu kwamba unaendelea vizuri, kwamba walikupanua mshipa, kwamba unatembea. Nafurahi kuyasikia, hata kama ni kwa watu.

Naandika kwa sababu ya Mama Duka. Alirudi kutoka kwenu juzi amenuna. Anasema umebadilika. Hakusema kuhusu uso, ule aliuelewa baada ya kuambiwa ni dawa. Anasema ulimkazia macho. Alipoingia ulimtazama usoni, alipokaa ulimtazama usoni, alipokwambia kuhusu mjukuu ulimtazama usoni ukajibu kwamba daktari kasema bado, na hukupepesa. "Tulioa mtoto mwenye haya," anasema, "sijui huyu wamembadilishia wapi." Kaniambia hivyo mbele ya wateja. Kiti kakirudisha upande wake.

Mdogo wangu, ni jambo dogo. Akija tena, inamisha kichwa kidogo tu. Dakika ya kusalimia na dakika ya kuaga. Wewe si unajua namna.

Dada yako siku zote


2 Novemba

Dada,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sisomi. Barua yako ya mwezi wa saba ilifika nikiwa nimelazwa, jicho moja limekufa na la pili lina ukungu. Nilimpa mume wangu anisomee. Hilo hukulijua ulipokuwa unaiandika. Alikaa kando ya kitanda akasoma neno kwa neno, kwa sauti yake ile ya chini: "wewe mwenyewe ulikubali tunyamaze." Akafika kwenye picha, akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akaniwekea chini ya mto. Akaenda kuniletea maji.

Nilimwambia kwamba nilikutuma, kwamba lilikuwa sharti langu, kwamba uliniandikia umemwambia na hata alivyojibu. Akaniuliza barua hiyo iko wapi. Niliichana, Dada, kama ulivyoniagiza. Mimi mtoto msikivu. Naye katika barua yako kashika neno moja tu, kwamba tulikubaliana kunyamaza, mengine anadhani ni dada anayemkinga mdogo wake.

Jicho la kushoto halirudi. Lilikufa njaa, daktari wa huku hakutumia neno lingine, ni lile lile la mwenzake. La kulia wameliokoa kwa vidonge na kwa mrija waliouingiza pajani ukapanda mpaka kwenye mshipa wa shingo. Bado wanalichunga, maana hata dawa zenyewe zinaweza kuleta mtoto wa jicho. Uso umevimba kama walivyosema. Watu hawakuhesabu miezi. Walisema pole, wakaendelea na mambo yao. Kwa ajili ya midomo ya watu hao nilisubiri wiki saba.

Ninashona, kidogo. Zamani nilitunga uzi bila kutazama. Sasa kwa jicho moja umbali unanidanganya, nasukuma uzi hewani kando ya tundu, nakosa, nasukuma tena. Mume wangu hunitungia sindano asubuhi kabla hajaenda kazini, anazichomeka kwenye kimto cha sindano kwa safu. Ni mtu mwema. Ananipikia, ananipeleka kliniki, barabarani anatembea upande wangu wa kushoto bila kuambiwa. Na kila jioni, kabla ya kuzima taa, ananiuliza kwa upole ule ule, "Kuna kingine?" Namwambia hakuna. Anasema sawa. Kesho anauliza tena. Haniamini, Dada, wala hajui kugombana. Laiti angenigombeza.

Unajua ninachokumbuka zaidi? "Mimi naoa mtu, sioi macho." Nililibeba neno hilo ukumbini. Giza lilipoganda kushoto niliendelea kukata keki kwa sababu yake, nikijisemea huyu hapa ubavuni anajua, huyu hakuoa macho. Ndilo neno zuri kuliko yote mume wangu aliyowahi kuniambia, na hakulisema yeye. Ulimshonea wewe. Sasa hata akilisema kweli siku moja, mimi nitasikia sauti yako.

Picha hiyo ishushe. Unaniambia natazama kamera sawasawa. Nilikuwa sioni kitu, si kamera, si watu, si wewe. Kama bado nauliziwa na wateja, waambie hivyo.

Na kuhusu Mama Duka. Mshipa umefunguka, nikiinua kichwa sasa sioni giza. Mara ya kwanza nilitazama dari ya wodi nusu ya asubuhi, dari chafu yenye madoa ya maji, na nililia kwa furaha. Mama Duka alipoingia nilimtazama kwa sababu sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe miezi minne na sijui sura yake, namjua viatu tu. Ana kovu dogo juu ya mdomo, ulijua? Ni mama mzuri. Haya hainipungukii. Ninayo, ila haikai shingoni.

Unaniomba niinamishe kichwa. Nilikiinamisha nikiwa mgonjwa, na kwa ajili yako nikakaa mgonjwa. Sasa ni zamu yangu kuomba, na mimi nimewahi kukuomba kitu kimoja tu, hukukifanya.

Njoo huku. Usiandike, barua zako nazijua. Panda basi uje ukae mbele ya mume wangu, umwambie kwamba nilikutuma kwake na hukufika. Maneno mafupi hayo, hayahitaji soda. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo. Kaa kulia kwangu, kushoto sitakuona.

Nataka nikutazame ukisema. Nataka nione kama utainamisha kichwa.

Mdogo wako